Sifuri Maana Yake Salama

Mwaka ule kazi yangu mjini Nizwa ilikuwa kuzifundisha mashine kusema ukweli, na mashine zilinisikia kuliko watu wa nyumbani kwetu.

Kampuni ilikuwa ndogo, ofisi yake juu ya duka la vifaa vya umeme. Tulitengeneza visanduku vya kupimia maji ya visima vya mashamba. Ndani ya kila kisanduku mna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta mna kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayoamrisha vifaa. Kiini kina sehemu inayoshughulika na saa. Si saa ya kutazama wakati. Ni mapigo ya umeme yanayokiambia kila kifaa sasa fanya, sasa ngoja. Mapigo yasipoanza, kipimo hakisomi kitu.

Mzee mmoja wa Bahla alituletea kisanduku chake amekishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mfu jikoni. Pampu yake ilikuwa imeungua. Kisima kilikauka, nacho kisanduku kiliendelea kumwambia maji yapo. Nilipokifungua na kuifuata programu, niliona kwamba umeme ulikatika, ukarudi, na saa ya kipimo ikakataa kuwaka. Kifaa chenyewe kilisema kimeshindwa, tena kilisema waziwazi. Lakini jibu lile lilipita mikono kadhaa likipanda juu, na katikati palikuwa na mstari mmoja wa programu uliolipokea, ukalitupa, ukajibu sifuri. Katika kiini, sifuri maana yake salama. Programu za juu zikaendelea kuonyesha kipimo cha mwisho zilichokuwa nacho.

Bosi wangu, aliyekulia Bujumbura, hakuona ajabu. "Ni bug tu, dada. Piga patch, ziba hapo, tuendelee."

Kwangu halikuwa kosa dogo la programu tu. Miaka ya tisini, nilipokuwa nasoma mbali na nyumbani, nilipigiwa simu nikaambiwa baba anaumwa kidogo, nije. Nikapita dukani nikamnunulia mgonjwa machungwa na zabibu. Nilifika nyumbani Ibra na mfuko wangu nikakuta viatu vimejaa mlangoni na watu wameshatoka makaburini. Hakuna aliyeona kosa. Ndiyo desturi wazee wetu waliyokuja nayo kutoka Unguja: aliye mbali haambiwi msiba, huambiwa mgonjwa hali yake si nzuri. Nilikasirika mwaka mzima. Mama nikamwapisha kwamba yeye akiumwa nitaambiwa kweli.

"Mimi naumwa kila siku," akanijibu. "Nikupigie saa ngapi?"

Basi ule mstari nikauandama kama nina kisasi nao. Nilipitia kila mahali saa inapoombwa kuwaka, nikahakikisha anayeambiwa hapana anaipeleka hapana hiyo juu kama alivyoipokea. Kazi ngumu ilikuwa pale katikati. Saa moja hutegemea nyingine, na nyingine tena. Ya tatu ikigoma, mbili zimeshawaka, nazo lazima zizimwe kwa kurudi nyuma kabla hujaondoka kutoa habari. Ukikimbilia kupiga kelele tu, unaacha mambo nusunusu na kisanduku kizima kinaganda. Hilo nilikosea mara nyingi. Kisanduku kikaganda mezani pangu asubuhi nzima, nami nikakitukana kwa Kiarabu na Kiswahili.

Asubuhi hiyo hiyo mama mdogo akapiga simu kutoka Ibra. Alikuwa akikaa na mama tangu moyo wa mama ulipoanza kumsumbua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama ana nini?"

"Mamaako hali yake si nzuri sana. Inshallah kheri. Njoo, lakini usiendeshe mbio, wallahi."

"Mmempeleka hospitali?"

"Tulimpeleka. Tumesharudi."

"Nipe niseme naye."

"Watu wengi hapa, mwanangu. Njoo."

Nikaacha kila kitu mezani, hata mkoba ilibidi niurudie. Njia ya Izki kwenda Sinaw imenyooka, haikupi kazi ya kufanya, basi kichwa kikafanya chake. Wamerudi kutoka hospitali: pengine daktari kamruhusu. Wagonjwa mahututi hawaruhusiwi. Watu wengi: kwetu mtu akipata mafua tu nyumba hujaa, na hakuna anayekuja bila sufuria. Lakini mbona hakunipa simu? Mama hata akiwa na homa kali hupokonya simu aniulize nimekula nini. Nikakanyaga mafuta, nikakumbuka nimeambiwa nisiende mbio, nikapunguza, nikaona kupunguza ni kama kukubali, nikakanyaga tena. Niliogopa, nikaona heri nikasirike, nikampigia mama mdogo kelele peke yangu garini: mama alikula kiapo, na wewe ulikuwepo!

Sinaw nilisimama kituo cha mafuta nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mhudumu akaniuliza niwekewe kiasi gani, nikamwambia sijui.

Ibra, mama mdogo alikuwa amesimama nje ya lango juani, mtandio umemteleza. Alikuja upande wangu, akaingiza mkono dirishani, akanishika bega.

"Zima gari, mwanangu."

Nikazima. Ndipo akaniambia. Mama alifariki alfajiri, kabla hata hawajafika hospitali.

"Umenidanganya," nikasema. "Tangu asubuhi umenidanganya."

"Ningekwambia vipi na usukani uko mkononi mwako?" Alikuwa analia, lakini aliinua sauti. "Nikuambie, kisha nikuzike na wewe?"

Akaniingiza ndani, nikamuona mama, nikambusu kipaji cha uso, nikakaa naye mpaka wanawake walipokuja na maji ya kumwoshea. Mama mdogo akanitoa uani, akanipa simu.

"Nduguyo bado hajaambiwa. Mimi siwezi tena. Mpigie wewe."

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi Sur. Alipokea simu upesi, na nyuma ya sauti yake nikasikia upepo na honi. Alikuwa tayari njiani, kwa shughuli zake, anaendesha gari kuelekea Jalan.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Vipi mama?"

Maneno yalikuwa kinywani, ya kweli, mafupi, yale yale niliyowadai watu tangu baba.

"Hali yake si nzuri," nikasema. "Njoo."

Hakuuliza ana nini. Hakuomba kusema naye. Nilisikia honi tena, halafu pumzi yake.

"Mtanisubiri kuzika?" akauliza.

"Weka gari pembeni kwanza," nikamwambia. "Likisimama, niambie."