Siku Moja Chennai na Baba Ghati

Tuliondoka Tarime kwa sababu ya kifua cha mume wangu. Elia ni Mnyiramba wa Kiomboi, mkoani Singida. Alikuja Nyamongo akiwa kijana kufuata dhahabu kama wenzake wengi, akanikuta mimi, binti wa Kikurya kutoka Nyanungu, nikiwauzia wachimbaji chai na maandazi. Miaka kumi na saba alisimama kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kitambaa amekifunga mdomoni. Vumbi liliingia hata hivyo. Ikafika mahali hawezi kutembea kutoka stendi hadi nyumbani kwetu Nyamisangura bila kukaa chini mara tatu. Kaka yangu Mwita akauza ng'ombe, ndugu wengine wakafuata, kanisani wakachanga, tukapanda ndege kwenda India, mji wa Chennai, ulio kando ya bahari.

Siku ya tisa hospitalini, daktari aliniita mimi peke yangu kwenye korido. Mkalimani wetu alikuwa Bwana Selvam, mtu mzima wa huko huko Chennai, aliyewahi kufanya kazi Mwanza miaka sita na Kiswahili chake akakitoa huko. Daktari alisema mapafu yamekakamaa, hakuna dawa ya kuyaponya, na kwa hali aliyonayo hata upasuaji hauwezekani. Selvam alitafsiri huku anaangalia viatu vyake.

"Anasema mrudishe nyumbani, mama. Akae na watu wake."

Nilirudi wodini nikamwambia Elia kwamba wametupa dawa za kutumia nyumbani. Mfuko wa dawa nilikuwa nao mkononi, kwa hiyo nikajiambia sijadanganya. Ndege yetu ilikuwa keshokutwa. Selvam, sijui kwa huruma au kwa aibu, akasema, "Kesho nina gari. Msije mkafika kwenu mkasema mliona kitanda tu."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alitufuata kwenye nyumba ya wageni, tulikohamia Elia aliporuhusiwa jioni ile. Mke wake alikuwa amenitumia kijishada cha maua ya asumini, nikakibana kwenye nywele kama wanawake wa kule. Elia alikaa mbele, mtungi mdogo wa oksijeni miguuni. Kwanza tulikwenda bandari ya wavuvi. Sisi watu wa Mara samaki tunawajua, lakini wale sikuwajua hata mmoja. Kulikuwa na wengine bapa kama sinia, na papa wadogo wamepangwa kwenye sakafu kama kuni. Wanawake walikuwa wanapiga mnada kwa sauti kali. Elia alicheka.

"Hawa ni Wakurya kabisa," alisema. "Sikia wanavyogomba."

Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka mpaka mwisho wa kicheko.

Saa tatu hivi tulipita barabara inayofuata ukuta wa bandari kubwa. Ndani hawaruhusu watalii, ila kutoka barabarani unaona winchi zikiinua makontena, na meli ndefu kuliko mtaa wetu wote. Selvam alianza kueleza meli zinatoka wapi. Elia hakuwa anasikiliza. Kando ya barabara wanaume wanne walikuwa wanakata mawe ya kutengeneza njia ya waenda kwa miguu, na vumbi jeupe limewafunika hadi kope. Hakuna aliyejifunga hata leso.

"Simamisha gari," Elia akasema.

Alishuka, akaenda pale polepole, ameshika mlango, kisha nguzo, kisha bega langu. "Waambie wafunge midomo. Waambie mimi nilikuwa hivyo hivyo."

Selvam aliwaambia kwa Kitamil. Watatu walicheka kidogo, kile kicheko cha kumwonea mgeni haya. Wa nne, mwenye mvi, alizima mashine. Alimtazama Elia kifuani, namna kilivyokuwa kinapanda na kushuka, akasema maneno machache.

"Anasema anajua," Selvam akatafsiri. "Baba yake alikufa hivyo."

Yule mzee aliinamisha kichwa kwa heshima, akawasha tena mashine.

Tukarudi garini. Tulipelekwa kanisa kubwa jeupe ambalo wanasema Mtume Tomaso amezikwa chini yake. Elia ni Mlutheri, mambo ya makaburi ya mitume hayamsumbui, lakini alikaa kwenye benchi muda mrefu akiwa amefumba macho. Nilidhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa anapumzika tu, kwamba pale palikuwa na feni nzuri.

Saa saba tulikula wali uliopakuliwa kwenye jani la mgomba. Yeye alikula vijiko vitatu.

Saa kumi alasiri tulifika ufukweni. Mchanga wa pale ni mpana ajabu. Ukiwa barabarani unaisikia bahari, lakini kuifikia ni kutembea kama kutoka upande mmoja wa uwanja wa mpira hadi mwingine, halafu uongeze uwanja wa pili. Watu walikuwa wengi, wengine wamepanda farasi wa kukodi, wengine wanakula mahindi ya kuchoma yaliyopakwa pilipili. Elia hakuwahi kukanyaga maji ya bahari. Tulimshika huku na huku, mimi na Selvam na mtungi wake. Tulifika nusu. Miguu ikagoma, akakaa mchangani.

Selvam akasema ataita watu wambebe. Elia akakataa kwa mkono. Kisha akaniambia, "Nenda wewe. Ukaone, uje uniambie."

Nilikwenda. Wanawake walisimama majini na nguo zao zote, wimbi likiwapiga wanashikana na kupiga kelele. Maji yalinifika magotini, ya uvuguvugu, yakavuta mchanga chini ya nyayo zangu mpaka nikayumba. Nikageuka kumtafuta mume wangu. Kwa mbali alikuwa kitu kidogo cheusi, kimeinama katikati ya watu wasiomjua. Nikaona wazi maisha yangu yatakavyokuwa bila yeye. Nilirudi nikikimbia, kanga imeloa.

"Ikoje?" aliniuliza.

Badala ya kumjibu nikalia. Nikamwambia yote ya kwenye korido. Selvam aliondoka akasimama kando.

Elia alichota mchanga, akaumwaga. "Mama Ghati, nilijua tangu tulipokwenda hospitali Mwanza. Daktari wa kule aliniambia kabla hatujafunga mizigo."

"Sasa kwa nini ulikubali kuja?"

"Ng'ombe walikuwa wameshauzwa. Ningemwambia nini Mwita? Na wewe ulikuwa umeanza kulala usingizi."

Nilikasirika. Mimi nilimficha siku moja, naye miezi miwili alinificha. Uongo wangu ulianzia kwenye korido, wake alikuwa ameubeba kutoka Tarime hadi India. Nilipotulia nikamuuliza anataka nini sasa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza.

"Nataka kufika kwa mama kabla hamjanibeba."

Kwa hiyo tuliposhuka Dar es Salaam hatukuja Tarime. Tulipanda basi la Singida, kisha gari dogo hadi Kiomboi. Mama mkwe wangu nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Alitoka nje akiwa na unga mikononi, akamwona mwanawe anashuka mwenyewe, anatembea hatua zile chache. Nikampigia magoti, "Shikamoo mama." Hakunisikia. Alikuwa amekwisha kumshika uso. Niliagiza watoto waletwe. Elia aliishi wiki tano zaidi, kitanda chake kikiwa sebuleni ili aone watu wanaoingia. Alizikwa pale.

Niliporudi Tarime nilikwenda Nyanungu kwa kaka yangu, nikamsimulia yote. Mwita hakuuliza habari za ng'ombe. Aliuliza, "Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

Alisimama mlangoni, amenipa mgongo. "Angesema, huyu mtu. Angeniambia tu," alisema, akatoka kwenda zizini.

Siku hizi watu huniletea makaratasi ya hospitali, maana mimi ndiye niliyefika India. Wanataka kujua pasipoti inashughulikiwa vipi, baridi ikoje, chakula gani. Kabla ya yote hayo mimi huomba kuonana na mgonjwa mwenyewe, peke yetu. Hilo ndilo nililorudi nalo. Mwezi uliopita niliitwa Nkende kwa mzee mmoja mwenye uvimbe tumboni. Watoto wake wanne walikuwa wameshapanga tarehe ya kumpeleka India. Niliwatoa nje, nikarudishia mlango.

"Mzee, shikamoo. Wewe mwenyewe unataka kwenda?"

Alitazama mlango kwanza, kuhakikisha umefungwa. "Sitaki, binti yangu. Ila mimi siwezi kuwaambia."

Nikatoka nje, nikawaambia mimi. Hawajanisalimia hadi leo.