Eka Tatu za Jirani

Juzi mpwa wangu alirudi kutoka skuli na swali la kujibu nyumbani: Mapinduzi yalitupatia nini? Redioni zilikuwa zinapigwa nyimbo za Januari, zile za kila mwaka, na yeye alikwisha andika jibu lake kama lilivyo kitabuni. Alitaka tu nimwangalizie makosa. Makosa sikuyaona. Hata hivyo nilibaki na lile daftari mkononi mpaka akaanza kunishangaa.

Swali hilo niliulizwa na mimi, nikiwa na umri kama wake, hapa hapa kijijini Ole. Mwalimu wetu alikuwa kijana, kaja kutoka kisiwa cha pili, Unguja, na alisema historia ya karibu haipatikani kitabuni tu. Siku ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia. Kila mmoja akaulize wazee wake, kisha aje asimame mbele ya darasa. Atakayejibu vizuri kupita wote ndiye atakayezungumza kwenye sherehe ya skuli. Ujue mimi ni mtu wa kuogopa kukosea, na nilikuwa hivyo tangu utotoni. Nilitaka jibu moja, lililo sahihi, lisilo na doa.

Mwaka ule karafuu zilichelewa, Januari ikatukuta bado tunachambua. Baada ya sala ya Alasiri bibi alitandika jamvi uani, akamwaga karafuu mbichi, tukakaa kuzizunguka. Unashika konyo, kile kijiti cha shada, mkono mmoja, karafuu unazisukumia kwenye kiganja cha wa pili, zinapukutika. Vidole vilinata, na hata muhogo wa nazi ukiula usiku ulikuwa na ladha ya karafuu. Jirani yetu, mjane wa makamo ya bibi, alikuwa nasi kila siku. Leo za kwetu, kesho za kwake. Karafuu mbichi haingoji. Ikilala bila kuchambuliwa huchacha, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuchambua peke yake.

Wazee wa jirani walitoka bara kuja kulima mashamba ya karafuu. Sisi tulikuwa wenyeji wa tangu na tangu. Zilikuwa siku ambazo siasa ziliwatenga watu hata misibani, mtu hamziki jirani yake. Bibi na jirani hawakuwahi kununiana. Sikujua kwamba kutonuniana huko kulikuwa kazi, na kwamba waliifanya kila siku.

Nikawauliza wote wawili kwa pamoja, pale pale jamvini.

Jirani alijibu upesi, kwa furaha. Mapinduzi yalimpa marehemu mumewe eka tatu, na mikarafuu ndani yake, mtu ambaye babake alikufa akichuma mali ya watu.

Bibi hakuinua macho. "Na zilitoka wapi, shoga?"

"Unajua zilitoka wapi. Sikuzibeba mie kutoka bara."

"Sijasema umezibeba. Nimeuliza zilitoka wapi."

Jirani akakung'uta kanga yake akaenda zake, hakuaga. Ndipo nikaelewa kwamba lile shamba ng'ambo ya kitalu cha muhogo, nililokwenda kuokota mpeta, karafuu zilizodondoka chini, kila msimu, lilikuwa la baba yake bibi.

Kesho yake jirani hakuja. Keshokutwa pia. Tulichambua wawili, bibi na mimi, na rundo halikupungua. Zilizobaki zikaanza kutoa harufu ya uchachu. Nilikuwa nalala nikihesabu maneno yangu: lipi lililowavunja? Siku ya tatu bibi alinishika mkono tukaenda kwake.

"Mtoto kesho anasimama mbele ya mwalimu," bibi alimwambia. "Tumwambie aseme nini?"

Jirani alitusogezea mkeka. Wakavutana, wakakumbushana miaka ya njaa waliyoipitia pamoja, mpaka mmoja akacheka na mwengine akafuta macho. Mwisho jirani akanigeukia. "Sema mie nilipewa, na bibi yako akanyang'anywa. Yote mawili. Usikate hata moja, weye."

Niliyasema yote mawili. Mwalimu alitazama mlangoni, kisha akaniambia nimejieleza vizuri mno, ila siku ya sherehe nitasoma maneno atakayoniandikia yeye. Aliandika nusu ya kwanza tu, ile ya kupewa. Nikaisoma mbele ya wageni bila kukosea hata neno moja, na namna ile ya kutokosea inaniuma mpaka leo.

Wazee wetu wawili walikuwa wamekaa kando kando, mbele. Watu walipokuwa wanapiga makofi, nilimsikia jirani akisema, si kwa sauti kubwa, "Kasahau nusu." Si bibi. Jirani, mwenye eka tatu. Bibi akamvuta kanga akae kimya.

Sasa wote wawili wamekwenda mbele ya haki. Sikusoma sana skuli; mengi nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, nikitafuta mahali yalipoandikwa yale yaliyosemwa kwenye mkeka wa jirani. Sijapaona. Mpwa wangu nilimwacha na jibu lake apate alama, kisha nikamkalisha nikamsimulia. Alisikiliza kwa adabu, akaamini kila neno, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilisimulia peke yangu mpaka mwisho, na hapakuwa na mtu wa kunikatiza, aseme nimesahau nusu.