Kipa mwenye mukono murefu

Minye nimekasirika, musiniambie nitulie.

Kocha wetu wa hapa Kimanga alituita makipa wawili: minye, na Bahati mwenye alikuja juzi. Akapima urefu, akapima mikono, akasema turushe mupira.

Wa Bahati ukavuka katikati ya kiwanja.

"Weye uko mufupi. Kaa kwa benchi."

Basi, nikakaa.

Leo tukacheza na Lubarika. Jezi hakuna, kwa hiyo timu moja inacheza kifua wazi, kama kawaida. Ku mazoezi, sisi ndio tunavulaka mashati kila siku. Leo kocha akasema tuvae mashati, Lubarika ndio wavule.

Bahati akadaka mupira, akaona kifua wazi kule mbele, akarusha.

Weee! Mupira ukamufikia vizuri kabisa mushambuliaji wa Lubarika. Akaupiga moja kwa moja. Goli!

Bahati akarudia vilevile. Goli la pili!

Nikasimama: "Kocha, huyu haangalii mutu, anarusha tu!"

Kocha, bila hata haya: "Lakini umeona mukono ule?"

Wenye mulikuwa pale, minye ninasema bongo, ninadanganya?

Mukono tumeuona, kocha. Hata Lubarika wameuona. Wanaomba mechi ijayo tusikose kuuleta.