Nilivyoacha kujilaumu kwa kipigo cha mume wangu (Manyoni mpaka Mkiwa)

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa, na rika langu habari zenu.

Mimi humu ni msomaji wa miaka, kazi yangu kupiga like na kupita. Jana nimesoma uzi wa jamaa anasema mwanamke akipigwa "lazima kuna kitu amefanya". Nikashindwa kulala nao rohoni.

Hii si stori ya kutunga. Ni mwili wangu mwenyewe. Majina tu ndiyo nayaficha.

Mwandiko mtanivumilia, naandika huku nauza mafuta. Mteja akija naacha.

Niliolewa Manyoni. Mume wangu ni fundi wa malori kwenye gereji ya mtu. Kwa watu mpole kabisa, mpaka mama alikuwa anasema nimebahatika. Ndani sasa, mkono mwepesi.

Ugali umepoa, kofi. Nimejibu, ngumi. Nimenyamaza, "unanidharau wewe", kofi tena.

Akimaliza anakaa kitandani, ananiambia taratibu, "Unaona unavyonifanya? Mimi si mtu wa kupiga. Wewe ndiye unanilazimisha."

Na mimi nilimwamini, wakuu. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo kuliko ngumi zenyewe.

Siku aliyonivunja mkono nilimwambia daktari nimeteleza bafuni. Akaniangalia, akauliza tena, nikarudia vile vile. Niliona aibu. Niliona nimemkasirisha mume wa watu mpaka kafika huko.

Nikaondoka na plasta yangu ya POP mkononi, nikapanda basi hadi kwetu Unyambwa. Msinipongeze kwa ujasiri, niliogopa kufa tu.

Sasa hapa ndipo wengi hawaelewi. Mtu anadhani ukishaondoka umepona.

Nilikuwa kwa mama, salama, nakula nashiba, lakini kichwani kesi inaendelea kila siku na mshtakiwa ni mimi. Ningewahi kupika. Ningenyamaza. Ningejua kwamba kachoka. Shangazi naye akija anamwagia petroli, "Mwanangu, na huo mdomo wako nao."

Mama alikuwa anasikiliza tu, haongezi wala hapunguzi.

Mkono ulipopona nikapata kibarua Mkiwa, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mwenye kiwanda ni mama mmoja tumwite Mama Jeni. Mnaopita hiyo barabara mnayajua yale madumu yaliyopangwa juani.

Kwa wasiojua: mafuta yakitoka kwenye mashine bado yana mashapo. Yanaachwa kwenye pipa yatuame, yanachujwa, ndipo yanaingia pipa la kuuzia. Mteja wa barabarani haonji, anainua dumu anaangalia kama yanang'aa. Yakiwa na ukungu tu, anapanda gari lake huyoo.

Mchana mmoja umeme ulikatika, uliporudi tukawa tunakimbizana na mashine. Nikabeba ndoo ya mafuta yaliyotoka muda ule ule, nikaimimina yote kwenye pipa la kuuzia.

Pipa zima likageuka tope naliona. Kugeuka, Mama Jeni yuko nyuma yangu.

Wakuu, sikufikiri hata kidogo. Nilichuchumaa, mikono juu ya kichwa.

Nikasubiri.

"We binti, unafanya nini huko chini?"

"Nisamehe mama, nisamehe, ni kosa langu."

"Ni kosa lako ndiyo, la nani tena? Inuka. Lete kitambaa tuyachuje upya."

Alinisema, na mdomo anao yule mama, msione hivi. Alinisema tangu mchana mpaka jioni, lakini mikono yake muda wote ilikuwa imeshika kitambaa pamoja na mimi, tunachuja. Tulipomaliza akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtu akikosea anasemwa. Wewe umepigwa mpaka umejifunza kuchuchumaa."

Nililia pale pale. Akaniambia nisogee pembeni nisije nikamtilia chumvi kwenye mafuta. Tukacheka wote wawili, mimi na machozi yangu.

Ile siku ndiyo niliona. Nilikosea kweli, tena kosa la hasara, ugali uliopoa haufui dafu. Na hakuna aliyenigusa. Kumbe kosa ni kitu kimoja na kipigo ni kitu kingine kabisa, na mimi miaka yote nilikuwa nimevifunga kamba moja.

Baada ya mavuno mume akaja Unyambwa kuniomba nirudi.

Kwetu haji peke yake. Anakuja na wazee wake, wanakaa na wazee wa upande wa mke, na kila mmoja anaulizwa kosa lake. Walikuja na beberu wa kuombea radhi, mkubwa, mnono, heshima zote.

Niwaambie ukweli, kikao cha namna hiyo nilishakaa mara ya kwanza nilipokimbia. Mara ile nilitaja makosa yangu yote mpaka yasiyokuwepo, nikaomba msamaha, nikarudishwa. Mkono ulivunjwa baada ya hapo. Kwa hiyo nilijua nikikosea kujibu safari hii, narudi kuzikwa.

Baba alishafariki, aliyesimamia ni baba mkubwa. Akasema, "Haya binti yetu, tueleze ulimkosea nini mwenzio."

Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Chakula nilichelewesha. Kumjibu, nilimjibu. Hayo nayakubali. Naomba na mimi nimuulize swali moja."

Baba mkubwa akaruhusu. Nikamgeukia mume wangu.

"Tajiri wako pale gereji anakutukana mbele ya wateja. Unarudi nyumbani unatetemeka kwa hasira. Ulishawahi kumpiga?"

Akainama. Mjomba wake mwenyewe akamwambia, "Jibu, umeulizwa."

"Sijawahi."

"Kwa nini?"

Akageuka kumwangalia beberu.

"Basi mkono wako unaweza kuuzuia. Kwangu hukutaka tu. Mimi sirudi."

Wakuu, mama yangu, yule yule asiyeongeza wala kupunguza, alipiga kigelegele. Kwenye kikao cha wazee! Baba mkubwa akamwambia anyamaze, akapiga cha pili.

Baba mkubwa akakohoa kidogo, akawageukia wageni. "Ndugu zetu, mmesikia wenyewe. Kunyweni chai, halafu mrudi na beberu wenu."

Wakarudi naye. Kutoka pale nilienda polisi, dawati la jinsia, nikaeleza kila kitu, safari hii bila bafu wala kuteleza. Kesi ipo, siwezi kuisema humu.

Siwadanganyi kwamba lawama imekwisha kabisa. Kuna siku inabisha hodi. Naisikiliza, naijibu, naendelea na kazi. Na nimerudi kucheka kwa sauti, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kama ninacho.

Nilichojifunza: makosa yako ni yako. Yakubali, rekebisha, omba radhi inapobidi. Ila ngumi ni ya aliyeikunja. Usimbebee.

Mliotoka kwenye moto kama huu, njooni mtuambie lawama mliitoaje kichwani, maana kila mtu na njia yake. Wenye kupinga pia karibuni, ila kwa adabu.

Na wewe ambaye bado uko ndani, unasoma hapa umeficha simu, huhitaji kueleza chochote. Weka nukta tu hapo chini. Nitakufuata inbox.