Mwanandani wa Kaskazini

Wangwe alikuwa mtu wa kushuku mashimo. Wengine wakiona shimo huuliza limechimbwa na nani. Yeye aliuliza linaelekea wapi. Hakuzaliwa hivyo. Miaka ishirini alishuka kwa kamba kwenye maduara ya Nyamongo, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na huko chini aliona watu wakiingia kwenye kiwanja chao na kutokea chini ya kiwanja cha jirani. Shamba la baba yake mwenyewe liliibwa hivyohivyo: juu mahindi yamesimama, chini mwamba wa dhahabu umeliwa. Alirudi kijijini Gorong'a na kifua kinachopiga filimbi, akalima, akafuga ng'ombe wanne, na kila asubuhi alizunguka mpaka wake akiuchunguza udongo kama mtu anayesoma barua ya mdai.

Kusini mwa mpaka huo aliishi Shaaban, fundi cherehani, pamoja na mama yake, Bi Mwanne. Miaka tisa hawakugombana. Wangwe ni mtu wa kanisani, lakini kila alipokuwa na sherehe alimwita Shaaban ashike kisu, maana mnyama akichinjwa na Mwislamu mji mzima unakula. Akichinjwa na mwingine, wapo watakaonawa mikono na kuondoka na njaa yao. Naye Bi Mwanne kila Idd alimpelekea sahani ya pilau, akasimama palepale mlangoni mpaka sahani irudi tupu.

Jumanne alfajiri Bi Mwanne akafariki. Alikuwa ameusia asipelekwe makaburi ya mjini. Azikwe nyumbani, kama majirani zake Wakurya wanavyozika. Wangwe alifika mapema na jembe lake, kwa kuwa jirani asiyegusa udongo wa kaburi huhesabiwa adui. Akamkuta Faridu, seremala kutoka Tarime mjini, ameshazama hadi kifuani.

Mwanzoni hakuona neno. Kisha Faridu akageuza sururu, akaanza kuula ukuta wa chini, upande wa kaskazini. Upande wa shamba la Wangwe.

Wangwe akapiga hesabu zake kimya. Kaburi huenda chini. Kinachokwenda pembeni si kaburi. Na haraka hii ni ya nini? Mama kafa alfajiri, anazikwa leoleo, ndugu wa mbali hawajapata hata simu. Faridu ni seremala, mbona hakutengeneza jeneza?

"Toka humo," akamwambia Faridu. "Hilo ni duara."

Neno hilo lilimponyoka tu, lakini katika nchi ile halina miguu na linakimbia. Kabla ya adhuhuri wanaume kumi na watatu walikuwa wamesimama kwenye ua wa Shaaban, kila mmoja na sururu. Wengine walisema wamekuja kuzuia wizi. Wangwe aliwatazama machoni, akajua kuwa nusu yao wamekuja kuwahi dhahabu. Gati, mkewe, alimvuta shati na kumwambia taratibu, "Baba Wiliam, umewasha moto kwenye nyumba yenye maiti." Ndani wanawake walikuwa wanaiosha.

Shaaban akatoka, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, niambie ukweli. Mama yako anakwenda kulala humo, au anakwenda kazini?"

Mtu mmoja uani akacheka, akanyamaza mwenyewe. Shaaban akaeleza kuwa kijumba kile cha pembeni huitwa mwanandani. Maiti hulazwa humo, kisha huzibwa kwa mbao ili udongo usimwangukie. Kazi ya seremala ilikuwa mbao hizo, si jeneza.

"Basi kateni kusini. Kusini ni kwako."

"Kibla iko kaskazini, mzee. Lazima aielekee. Shamba lako limekaa njiani tu."

"Nimesikia majina mengi ya mkato wa pembeni. Hilo ni jipya."

"Mbuzi wako wote niliokuchinjia," akasema Shaaban, "niliwageuza wapi?"

Miguu ya mbuzi wale aliishika Wangwe mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka shingo ilielekezwa kulekule, kwenye zizi lake, hata ilipobidi kumburuta mnyama kuzunguka mti. Alidhani Shaaban anakwepa jua, ingawa mara nyingine hapakuwa na jua.

Lakini shaka haifi kwa pigo moja. Kwa ajili ya dhahabu, alijiambia, mtu anaweza kugeuza mbuzi miaka tisa. "Nitachimba mimi," akasema. "Nione mwisho wake." Akavua shati, akashuka.

Akakata kwa mkono wa kazi, dari imara, ukuta laini. Shimo lilimtosha bibi mwembamba na si zaidi. Humo hata paka asingeweza kufuata mwamba. Alikuwa karibu kucheka ujinga wake alipopitisha kiganja ukutani kusafisha mavumbi, akaona mstari mweupe wa jiwe, mnene kama kidole, wenye kutu ya kahawia pembeni. Mstari huo uliingia kaskazini.

Kifua kikapiga filimbi. Mawe meupe mia hayana dhahabu, moja linayo. Lakini wale kumi na watatu wasingesubiri kuhesabu. Neno moja tu, na Bi Mwanne angekosa mahali pa kulala, leo na siku zote.

"Kuna nini huko?" mmoja akauliza kutoka juu.

Wangwe akachota udongo mbichi, akaupaka juu ya mstari, akausawazisha kama mtu anayekandika nyumba.

"Udongo mtupu," akasema. "Nendeni mkanawe. Shaaban, mlete mama."

Wakamlaza alasiri, uso kibla, kwa dua zao. Wangwe alisimama pembeni, kofia mkononi, akisali sala zake mwenyewe, na hakuondoka mpaka donge la mwisho la udongo.

Tangu siku hiyo mzunguko wake wa asubuhi umeongezeka. Hufika mpaka kwenye kaburi, hulitazama, na akimwona mtu na sururu karibu humuuliza anaelekea wapi. Majirani wamelitambua jambo hilo. Wanasema si bure Mkristo kulinda kaburi la Mwislamu. Wanasema Wangwe ana lake. Shaaban naye humtazama kupitia dirisha la cherehani, na juzi alipoitwa kuchinja alikuja, akamgeuza mbuzi, kisha akamwangalia Wangwe muda mrefu kabla ya kushusha kisu.

Wangwe aliishika miguu.