Matanga ya Bosi

Kwa miaka kumi na moja nilimwendesha Bwana Whitlock, mkuu wa kiwanda kimoja cha magari hapa Birmingham. Alianza kwa kufunga boliti kiwandani, mtaa wa Tyseley, akiwa na miaka kumi na sita, na hata alipokuwa bosi alikaa kiti cha nyuma akisikiliza gari. "Léopold, tairi la kushoto limepungua upepo." Nikishuka kuangalia, kweli.

Alikufa Jumatatu. Ofisi ikanitumia mistari miwili kwenye simu, kama vile choo kimeharibika. Sikulia. Sikusikia kitu chochote moyoni. Nikafanya tu tunachofanya kwetu Uvira, Kongo: nikanunua mchele na kilo tano za sukari, nikavaa suti, nikaenda kukaa matanga. Kwetu hakuna anayengoja kualikwa msibani.

Nje ya nyumba hapakuwa na turubai, wala kiti, wala mtu. Mjane akafungua mlango mwenyewe.

"Pole sana, mama," nikamwambia kwa Kiingereza changu.

Akatazama mifuko, kisha suti. "Ah, umeleta funguo za gari. Asante." Akanyoosha mkono.

Nikazitoa mfukoni, nikampa. Ningefanya nini?

Nikarudi nyumbani Winson Green kwa basi na sukari yangu. Mke wangu Rosine akaiona mifuko. Alisogeza makochi, akawapigia simu watu wa kwetu. Jioni Wakongo kumi na wanne walijaa sebuleni kwangu, wakimlilia mzungu ambaye hawakuwahi kumwona.

Mimi nilikuwa nagawa chai.