Mashine Iliyopimwa Kiunoni

Mama Mapacha alipimwa kwanza. Alikuja bwana shamba na binti mwenye futi kamba, wakampima kutoka kisigino mpaka kiunoni kama fundi wa nguo.

"Mama, mradi huu ni wenu wanawake," binti akasema. "Mashine ya kupandia itatengenezwa kwa kimo chenu, msivunjike migongo."

Mama Mapacha, ambaye bega lake la kulia lilikuwa limegoma kwa sababu ya jembe, alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Miezi minane baadaye mashine ikaja. Fomu ilitaka sahihi ya mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya akanawa mikono, akavaa koti, akatia sahihi, akapigiwa makofi.

Baba Mapacha si mtu mbaya, tena sala haimpiti. Ila kitu kipya anakipenda kuliko kazi yake. Mashine akaisimamisha sebuleni karibu na redio, akaifunika kitambaa cha kochi, na kila mgeni alifunuliwa aione kidogo, kama mtoto mchanga.

"Baba Mapacha, mvua imeshapiga mara mbili," mkewe akamwambia. "Nipe nikapandie."

"Kitu cha watu kile, utakivunja. Aliyetia sahihi ni mimi."

"Basi twende ukapande wewe."

"Haraka ya nini? Wakaguzi wa mradi wanakuja Alhamisi."

Jirani aliyasikia hayo akacheka ng'ambo ya ua. "Shoga, huyo mgeni wenu wa sebuleni mbona hamumtengei sahani?"

Mama Mapacha alicheka naye, lakini moyo ulikuwa juu. Wiki hiyo ikipita bila mbegu ardhini, msimu umekwenda. Na kwa jembe, bega lile lisingefika hata nusu ya shamba. Akaomba. Hakuomba mumewe apatwe na lolote. Hilo alilirudia sana baadaye.

Alhamisi wakaguzi wakaja na kamera. Baba Mapacha, mrefu kama nguzo ya umeme, akashika mpini uliomfika mapajani. Akainama, akasukuma. Hatua kumi za kwanza alitabasamu. Za pili tabasamu likaisha. Mwisho wa mstari wakamwambia asimame apigwe picha.

"Mzee, inuka kidogo."

"Nimeinuka," akajibu, uso ukiutazama udongo.

Wakambeba hivyohivyo, amekunjika, mpaka kwenye kochi. Mashine ilibaki peke yake shambani. Mama Mapacha akaishika. Mpini ulimkaa kiunoni sawasawa. Akasukuma kwa tumbo na miguu, bega limepumzika. Mistari minne ikaisha kabla wakaguzi hawajamaliza soda zao.

"Andika," mkubwa wao akamwambia yule binti wa futi kamba, aliyekuja nao. "Mke alimsaidia mumewe."

Binti alimtazama mkubwa wake, akaandika.

Kufikia Jumamosi shamba zima lilikuwa limepandwa, huku Baba Mapacha akisimamia kutoka dirishani: "Nyoosha mstari! Usikimbie!"

"Haya, mkulima bora," mkewe alimjibu kwa upole, maana cheti kilikuwa kimeshaletwa, chenye jina la mume, kikatundikwa juu ya kochi.

Mgongo ulipopoa, mume akaangalia karibu na redio. "Mashine yangu iko wapi?"

"Iko jikoni, Baba Mapacha, nyuma ya masufuria. Nenda kaichukue."

Kutoka kochi mpaka jikoni ni hatua sita. Mahindi yamefika magotini sasa, na hajazipiga bado.